Kirusi cha Newala na Kimeng'enya Kinachobandika Methili Kwenye tRNA: Uchambuzi wa Kisa

Kati ya mwaka 1952 na 1953, wakazi wa uwanda wa juu wa Makonde, katika Wilaya ya Newala ambayo wakati huo ilikuwa sehemu ya Jimbo la Kusini la Tanganyika, waliugua kwa wingi homa iliyopanda ghafla na kuandamana na maumivu makali ya viungo, kiasi kwamba mtu aliyelala akiwa na afya yake aliamka asiweze kunyoosha mgongo wala kushika jembe. Waliouchunguza ugonjwa huo waliona unafanana sana na dengue. Marion Robinson aliandika dalili za wagonjwa na W. H. R. Lumsden akaeleza namna ugonjwa ulivyoenea, makala zote mbili zikichapishwa mwaka 1955. Mwaka uliofuata R. W. Ross akachapisha maelezo ya kirusi chenyewe, kilivyotengwa na kilivyohusishwa na mlipuko ule. Hicho ndicho kirusi cha chikungunya, ambacho jina lake limetoka kwa Wamakonde, na ambacho leo kinajulikana Asia, katika visiwa vya Bahari ya Hindi na Amerika.

Kisa ninachokichambua hapa kinaanzia katika mlipuko huo lakini hakiishii kwenye mbu na homa. Kinahusu kinachotendeka ndani ya seli ya mgonjwa. Kirusi cha chikungunya kina uzi mmoja wa RNA, molekuli inayobeba maandishi yake ya urithi, wenye herufi zipatazo 11,800. Hakina hata ribosomu moja, ile mashine ya seli inayojenga protini, wala hakina RNA mbebaji, ile molekuli ndogo ambayo wataalamu huiandika tRNA na ambayo kazi yake ni kuleta amino asidi mahali protini inapojengwa. Kila kinachohitajika ili kirusi kijitengenezee protini lazima kitoke kwa mwenyeji. Zaidi ya hapo, maandishi ya kirusi yamejaa kodoni, yaani vikundi vya herufi tatu tatu ambavyo kila kimoja hutaja amino asidi yake, ambazo seli ya binadamu haizitumii sana katika jeni zake zinazofanya kazi kwa wingi. Kwa mantiki ya kawaida kirusi cha namna hiyo kingepaswa kusomwa polepole na kwa shida. Badala yake, katika muda wa saa chache seli huwa imejaa protini zake.

Mwaka 2022 kundi la watafiti wakiwemo wa Barcelona, Hispania, lilitoa jibu lililonifanya niandike uchambuzi huu: kwamba maambukizi yanaifanya seli iongeze kimeng'enya kinachohusika na kubandika methili, kikundi kidogo cha kemikali, kwenye tRNA fulani, na kwamba tRNA zilizobadilishwa hivyo ndizo hasa zinazosoma kodoni za kirusi. Hoja yangu, ambayo nitaitetea hadi mwisho, ni kwamba sehemu ya kwanza ya jibu hilo, inayosema usomaji wa seli unabadilika kwa faida ya kirusi, imesimama juu ya ushahidi mzito. Lakini sehemu ya pili, inayotaja kimeng'enya gani hasa ndicho kinachoibandika methili hiyo, inahitaji kusomwa kwa tahadhari kubwa kuliko inavyosomwa na wengi.

Maji ya kuhifadhi

Haiwezekani kukizungumzia kirusi hiki bila kutaja maji, nami nitayataja kwa ufupi. Uwanda wa Makonde una udongo wa kichanga unaonyonya mvua upesi, na kwa vizazi vingi maji yamekuwa yakipatikana chini, kwenye chemchemi zilizo mabondeni, ilhali vijiji viko juu. Anayesimama Shimo la Mungu pale Newala, akitazama ardhi inavyoporomoka kuelekea bonde la Mto Ruvuma, anaelewa mara moja kwa nini maji yaliyopandishwa kwa kichwa hayamwagwi ovyo. Yalihifadhiwa ndani ya nyumba, kwenye mitungi na vyombo vingine, kwa siku nyingi.

Mbu aina ya Aedes aegypti, anayekieneza kirusi hiki, hapendi dimbwi la matope. Anapenda maji masafi yaliyotulia, yenye ukuta wa kubandika mayai juu kidogo ya usawa wa maji, na mayai hayo yanaweza kukaa makavu kwa miezi kadhaa kisha yakaanguliwa maji yanapopanda. Ukiinamia pipa lililokaa wiki nzima bila kufunikwa, utaona viluwiluwi vimening'inia kichwa chini, ncha ya mkia ikigusa uso wa maji ili kuvuta hewa. Gonga pipa kwa kidole, na vyote vitajipinda na kuzama kwa pamoja, kisha baada ya muda mfupi vitapanda tena kimoja kimoja. Mbu wanaotoka humo wana mistari myeupe miguuni, nao huuma mchana, wakati ambapo chandarua kimekunjwa. Kwa hiyo mlipuko ulijengeka nyumbani kwa watu, kwenye maji ya kunywa, na wala si msituni au mtoni. Hali hiyo hiyo ya maji ya kuhifadhi ilijirudia katika milipuko mingine ya pwani yetu, ukiwemo ule wa Lamu nchini Kenya mwaka 2004.

Kinachofanyika kwenye nafasi ya 34

Sasa tuingie ndani ya seli. RNA mbebaji ni uzi mfupi wenye herufi zipatazo 76, uliojikunja ukapata umbo linalofanana na herufi L. Ncha moja hubeba amino asidi, na ncha ya pili ina herufi tatu, nafasi ya 34, ya 35 na ya 36, ambazo huitwa antikodoni. Antikodoni ndiyo inayokutana na kodoni iliyo kwenye RNA inayosomwa, herufi tatu kwa tatu, ndani ya ribosomu.

Watu wengi wanaosoma biolojia kidato cha tano na cha sita huondoka wakiamini kwamba tRNA ikishanakiliwa kutoka kwenye jeni yake imekamilika. Haijakamilika. Ni kama kinyago cha mpingo kilichokwisha kutoka kwenye gogo na kupata sura, lakini ambacho bado kinasubiri patasi ndogo na msasa. Vimeng'enya vingi hupita juu yake, kila kimoja kikibadilisha herufi yake mahsusi: kimoja hugeuza yuridini (herufi U), kingine huongeza salfa, na vingi, pengine kundi kubwa kuliko yote, huongeza methili, yaani kaboni moja yenye hidrojeni tatu. Aina za mabadiliko ya namna hii zinazojulikana katika RNA kwa jumla zimezidi 100, na tRNA ndiyo inayobeba nyingi kuliko RNA nyingine yoyote.

Methili hiyo haitoki hewani. Karibu kila mara hutolewa na molekuli iitwayo S-adenosilimethionini, ambayo seli huitengeneza kwa kuunganisha ATP, molekuli ya nishati ya seli, na amino asidi ya methionini. Methionini ni lazima itoke kwenye chakula. Samaki wa Mikindani ni chanzo chake kizuri, muhogo mtupu si chanzo cha kutegemewa. Kimeng'enya hushika S-adenosilimethionini mkono mmoja na tRNA mkono mwingine, methili huhama, na kinachobaki ni S-adenosilihomosisteini, ambayo seli huipeleka kwenye njia nyingine ya kemia.

Nafasi ya 34 ndiyo inayotuhusu. Herufi hiyo hukutana na herufi ya tatu ya kodoni, na Francis Crick alieleza mwaka 1966 kwamba hapo kanuni za kuoana kwa herufi zina ulegevu, hivyo tRNA moja yaweza kusoma kodoni zaidi ya moja. Ulegevu huo una faida, lakini una hatari ya makosa, na ndiyo sababu seli huiwekea nafasi ya 34 ulinzi wa kikemia.

Katika tRNA chache ambazo nafasi yao ya 34 ni yuridini, kazi hufanywa kwa awamu. Kwanza, mkusanyiko wa protini sita uitwao Elongeta huweka kwenye kaboni ya 5 ya yuridini mkono mfupi unaoishia kwa kundi la asidi. Kundi hilo lina chaji hasi, na kwa hali hiyo tRNA haijawa tayari. Hapo ndipo kimeng'enya cha kubandika methili kinapoingia: huiweka methili kwenye ncha ya mkono ule, asidi inakuwa esta, na chaji hasi inatoweka. Herufi inayopatikana huandikwa kwa kifupi mcm5U. Katika baadhi ya tRNA, vimeng'enya vingine huendelea mbele na kubadilisha oksijeni moja ya yuridini hiyo hiyo kuwa salfa. Kwenye hamira, kimeng'enya cha methili kinaitwa Trm9 na hufanya kazi pamoja na mshirika mdogo, Trm112. Kwa binadamu kazi hiyo inajulikana kufanywa na ALKBH8, nayo ikishirikiana na protini iitwayo TRMT112.

Nitachukua mfano mmoja na kuutazama kwa karibu, maana bila mfano mambo haya hubaki kuwa majina matupu. Amino asidi ya lisini ina kodoni mbili, AAA na AAG. Seli ya binadamu ina tRNA ya lisini yenye antikodoni CUU, ambayo husoma AAG vizuri, na nyingine yenye antikodoni UUU, ambayo husoma AAA na, kwa ule ulegevu wa Crick, huweza kusoma AAG pia. Maana yake ni kwamba AAG ina wasomaji wawili, ilhali AAA ina mmoja tu, na huyo mmoja ana yuridini kwenye nafasi ya 34. Yuridini hiyo ikikosa pambo lake, AAA haina pa kukimbilia. Ribosomu itasubiri, au itakosea. Hali ni hiyo hiyo kwa GAA ya glutameti, CAA ya glutamini na AGA ya ajinini, na pia kwa GGA ya glaisini: kila moja inaishia na A, na kila moja inategemea tRNA ambayo nafasi yake ya 34 inahitaji kuhudumiwa na Elongeta kisha na kimeng'enya cha methili.

Jeni za binadamu zinazozalisha protini kwa wingi hupendelea kodoni zinazoishia na G au C. Kirusi cha chikungunya kimejaa zile zinazoishia na A.

Ushahidi wa 2022

Watafiti wale walitumia njia ya kusoma nyayo za ribosomu. Seli za binadamu zilizokuzwa maabara huambukizwa, kisha RNA yote isiyofunikwa na ribosomu huteketezwa kwa kimeng'enya. Vipande vinavyosalimika, vyenye herufi zipatazo 30 kila kimoja, ni vile ambavyo ribosomu ilikuwa imevikalia wakati ule. Vipande hivyo vikisomwa kwa wingi, mtafiti anajua ribosomu zilikuwa wapi, juu ya RNA ya nani na juu ya kodoni gani. Njia hii naipenda kwa sababu haiulizi protini ngapi zimekusanyika, jambo linaloweza kuwa na sababu nyingi, bali inaitazama kazi ya usomaji yenyewe ikiwa inaendelea.

Walichokiona ni kwamba maambukizi yalibadilisha usomaji kwa kufuata kodoni. RNA za seli zenye kodoni ambazo kwa kawaida ndizo bora zilipoteza nafasi yao ya juu, na RNA ya kirusi, pamoja na kodoni zake adimu, ikapendelewa. Mabadiliko hayo yalionekana zaidi kwenye retikulamu ya endoplazimu, mtandao wa utando ambako protini za ganda la nje la kirusi hujengwa, na ambako RNA za kirusi zilikuwa zimekaliwa na ribosomu nyingi. Kwa upande wa chanzo, waligundua kwamba seli iliyoambukizwa huzalisha kupita kawaida kimeng'enya kiitwacho KIAA1456, ambacho sasa kinajulikana zaidi kwa jina la TRMT9B, nacho ni jamaa wa karibu wa ile Trm9 ya hamira. Wakahitimisha kwamba kimeng'enya hicho, kwa kuhusika na nafasi ya 34, ndicho kinachoziwezesha tRNA kusoma kodoni ambazo kirusi kimejaza.

Darasani kwetu hapa Mtwara, mwanafunzi mmoja wa kidato cha sita aliponisikiliza nikieleza matokeo haya aliuliza, "Mwalimu, kirusi chenyewe hakina tRNA hata moja, sasa kinapata wapi mamlaka ya kuzibadilisha tRNA za mwenye nyumba?" Ni swali ambalo linagusa kiini cha kisa. Kirusi hakizigusi tRNA moja kwa moja. Maambukizi huivuruga seli, nayo seli ina mwitikio wake wa zamani wa kukabiliana na misukosuko kwa kubadilisha mapambo ya tRNA. Jambo hili halikuanza na chikungunya. Mwaka 2007 ilionyeshwa kwenye hamira kwamba Trm9 huisaidia seli kuvumilia madhara ya DNA kwa kurahisisha usomaji wa jeni za ukarabati, na jeni hizo zina wingi wa kodoni kama AGA na GAA. Seli basi ilikuwa tayari na njia ya kuhamishia nguvu zake za usomaji kwenye kodoni hizo wakati wa dharura. Ninavyoona mimi, kirusi ambacho maandishi yake yamejaa kodoni za dharura kinafaidika na mwitikio ambao seli iliuweka kwa ajili ya kujiokoa.

Inafaa pia kukumbuka kwamba kirusi hiki kina kimeng'enya chake cha kubandika methili, ila hakifanyi kazi kwenye tRNA. Protini yake ya kwanza, nsP1, huiweka methili kwenye GTP, molekuli yenye herufi G, na kisha huipachika GTP hiyo kwenye kichwa cha RNA ya kirusi, ili ribosomu iione kama RNA ya kawaida ya seli. Kemia ni ya jamii moja, na mtoaji wa methili ni yule yule S-adenosilimethionini, lakini anayepokea ni mwingine. Wanafunzi huchanganya hivi viwili mara kwa mara, na wakivichanganya kisa chote huharibika.

Mahali ushahidi unapolegea

Kuna mambo mawili yanayonizuia nisilikubali hitimisho lote kama lilivyo.

La kwanza ni kwamba kuna sababu nyingine, inayojulikana vizuri, ya kirusi kuitawala seli. Protini yake ya pili, nsP2, huingia kwenye kiini na kusababisha kuharibiwa kwa sehemu kuu ya mashine inayonakili jeni kuwa RNA. RNA mpya za seli zinapungua, za kirusi zinazidi kuongezeka, na kwa hesabu ya kawaida ribosomu zitazikuta za kirusi mara nyingi zaidi, hata kama hakuna tRNA iliyobadilika. Kwa bahati nzuri njia ya nyayo za ribosomu hujibu sehemu ya pingamizi hili, kwa kuwa inalinganisha kodoni na kodoni na si RNA na RNA tu. Kama kilichobadilika kingekuwa ni wingi wa RNA peke yake, kusingetarajiwa mpangilio unaofuata herufi ya mwisho ya kodoni. Ndiyo maana nasema sehemu hii ya ushahidi ni nzito. Lakini ukubwa wa mchango wa kila sababu haupaswi kuchanganywa, na makala fupi zinazosema kwamba chikungunya "huteka tRNA" na kuishia hapo zinamnyima msomaji nusu ya habari.

La pili ni zito zaidi, na linahusu kimeng'enya chenyewe. Hamira ina Trm9 moja. Wanyama wana jamaa wawili wa Trm9, yaani ALKBH8 na TRMT9B, na kufanana kwa sura hakuthibitishi kufanana kwa kazi. Mwaka 2023 ulichapishwa utafiti uliofanywa kwa inzi wadogo wa matunda, ambapo jeni ya TRMT9B iliondolewa kabisa. Inzi hao walikuwa na kasoro kwenye viungio vya mishipa ya fahamu na misuli, jambo linaloonyesha kwamba protini hiyo ina kazi halisi mwilini. Lakini mapambo ya tRNA yalipopimwa, ikaonekana kwamba ubandikaji wa kawaida wa methili kwenye yuridini ya nafasi ya 34 unafanywa na ALKBH8. Watafiti hao walibaki na swali la wazi: je, TRMT9B inabandika methili kweli, na kama inabandika, inaibandika wapi? Walipoharibu sehemu ya protini inayodhaniwa kushika mtoaji wa methili, kazi moja ya TRMT9B ilikufa na nyingine ikabaki, kwa hiyo yaelekea kemia hiyo ina maana fulani, ila si lazima iwe kwenye nafasi ya 34.

Tukiyaweka matokeo ya 2022 na ya 2023 mezani pamoja, hatuna budi kuchagua kati ya maelezo yasiyolingana. Inawezekana TRMT9B ya binadamu inatenda tofauti na ya inzi. Inawezekana pia kwamba katika hali ya kawaida ALKBH8 inatosha, lakini maambukizi yanapoongeza mahitaji ya tRNA zilizokamilika, TRMT9B hujazia pengo. Maelezo haya yanapatana na tafiti zote mbili, na kwangu ndiyo yenye uzito zaidi kwa sasa. Na inawezekana TRMT9B huongeza mcm5U kwa njia isiyo ya moja kwa moja, kwa mfano kwa kuisaidia ALKBH8, bila yenyewe kuigusa methili. Wale wanaoandika kwamba "kimeng'enya kilichogunduliwa hubandika methili" kana kwamba jambo limekwisha wamelichukua jina la ukoo kuwa ndicho kitambulisho cha kazi, na katika biokemia hilo limewapotosha watafiti wengi kabla yao.

Kitandani kwa mgonjwa

Kwa mgonjwa wa homa anayefika leo kwenye kituo cha afya cha Kitangari au hospitali ya Newala, mambo haya hayabadilishi matibabu. Chikungunya haina dawa mahsusi. Mgonjwa hupewa parasetamoli, maji ya kutosha na mapumziko, na dawa kama aspirini huepukwa mpaka dengue ithibitishwe kuwa haipo, kwa sababu ya hatari ya kutoka damu. Kipimo cha haraka cha malaria kikionyesha hakuna vimelea ilhali viungo vya mikono na vifundo vya miguu vimevimba pande zote mbili, mhudumu anapaswa kufikiria chikungunya, badala ya kurudia dozi ya malaria. Maumivu ya viungo yaweza kudumu miezi, na kwa baadhi ya watu miaka. Chanjo ya kwanza dhidi ya ugonjwa huu iliidhinishwa Marekani Novemba 2023, zaidi ya miaka 70 baada ya mlipuko wa Newala.

Nimewahi kuulizwa na tabibu mmoja wa huku kwetu kwa nini basi kisitafutwe kizuizi cha kimeng'enya hicho, tRNA zikose methili na kirusi kikose wasomaji. Nilimweleza kwamba ugumu unatokana na ukweli kuwa kimeng'enya ni chetu. Mwaka 2019 ziliripotiwa familia ambazo watoto wao walirithi jeni zilizoharibika za ALKBH8 kutoka kwa wazazi wote wawili, na watoto hao walikuwa na ulemavu wa akili. ALKBH8 inahitajika pia ili seli iweze kutengeneza vizuri protini zenye seleni, ambazo ni sehemu ya kinga dhidi ya sumu za oksijeni. Dawa itakayokosea shabaha kati ya jamaa hawa wawili inaweza kumdhuru mgonjwa kuliko homa yenyewe. Kama ingebainika kwamba TRMT9B ndiyo inayotumiwa na kirusi na kwamba mtu mzima anaweza kuishi siku chache bila kazi yake, hapo mazungumzo yangekuwa na msingi. Na hiyo ni sababu ya vitendo ya kutaka kwanza kujua ni nani kati yao anayeibandika methili. Kwa nsP1, ambayo ni mali ya kirusi, hatari ya kumdhuru mgonjwa ni ndogo zaidi, nami ningeanzia huko.

Jaribio linaloweza kuamua kisa hiki si gumu kulieleza. Zichukuliwe seli za binadamu, na kwa kundi moja iondolewe TRMT9B yote, kwa la pili ALKBH8 yote, na kwa la tatu TRMT9B ibadilishwe herufi chache tu ili iendelee kuwepo lakini isiweze kumshika mtoaji wa methili. Makundi yote yaambukizwe, kisha mcm5U ipimwe kwenye tRNA ya lisini, ya glutameti na ya ajinini, na nyayo za ribosomu zisomwe saa zile zile. Kundi la tatu ndilo lenye uamuzi: kama kirusi kitastawi humo kama kawaida, basi TRMT9B haiibandiki methili hiyo, hata kama inasaidia kwa namna nyingine. Ningependa pia majaribio hayo yarudiwe kwenye seli za Aedes aegypti, kwa sababu kirusi hiki huishi nusu ya maisha yake ndani ya mbu, na kodoni zake zinapaswa kusomeka huko pia. Na kitumike kirusi cha asili kutoka mlipuko wa 1952 na 1953, ambacho mfuatano wake wa herufi umehifadhiwa kwenye hazina ya umma na unaweza kufunguliwa na mwanafunzi yeyote wa Mtwara mwenye simu na intaneti, akahesabu mwenyewe AAA na AAG.